Chakula ya Njia

Juzi nilialikwa arusini Kasongo. Zawadi zimefungwa kwa karatasi za kung'aa, watu wanazipiga picha na simu, na mimi nimesukuma kando sahani ya wali. Ngoja nikueleze, ndugu yangu.

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba neno hilo, zawadi, lilikuja na Waarabu wa misafara, na kwao lilikuwa chakula cha msafiri. Bibi aliposikia alibetua midomo. "Na wale watumwa walipitishwa Nyangwe na kamba mu shingo, nani aliwafungia chakula?" Basi nyumbani kwetu Kabambare hakuna aliyetoka mikono mitupu, hata muuza chumvi. Alipewa wali wa mawese na samaki mkavu ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Harufu yake naijua mpaka leo.

Asubuhi moja, wakati wa vita, tulikuwa tunatwanga mpunga. Wenye bunduki wakavunja mlango, wakachukua mbuzi na magunia, wakamkamata kaka yangu na jirani yetu wayabebe. Bibi akawazuia njia. "Mutoto yangu hatoki hapa bila chakula ya njia!" Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamwagika. Wallahi, aliinuka! Akafunga wali huku damu inamchuruzika kidevuni, akawakimbilia. Mmoja akampokonya, akautupa chini, akaukanyaga. Bibi akauokota na mchanga wake, akausukumia ndani ya shati la kaka. Mbwa hao walicheka. Niliwachukia, na bado nawachukia.

Baada ya majuma mawili jirani alirudi peke yake, amekonda kwa kujificha porini. Kaka alikuwa amekufa kwa risasi, njia ya Salamabila. Bibi hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alikula?"

"Alikula, mama. Alimaliza yote."

Bibi akamshukuru Mungu, na alikufa akiamini hivyo.

Nyumba ile ilichomwa, migomba imemezwa na pori, wala sijui nani siku hizi anamfungia mgeni chakula. Mwaka jana jirani, sasa mzee, aliniambia ukweli. Walitoroka pamoja mchana wa siku ile ile waliyokamatwa, kaka akapigwa risasi ya paja, akashindwa kusimama. Akatoa wali shatini, haujaguswa, akamwekea jirani mkononi.

"Kamata," alimwambia. "Ni weye unaenda."