Goti la Paka

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika kabisa. Kwa mafundi wenzake, kwa majirani, hata kwa wakwe zake, alikuwa Paka. Kazi yake ilikuwa kupaua nyumba, na alitembea juu ya mbao za paa kama mtu anayevuka sebule yake kwenda kuzima taa. Wapita njia walisimama kumtazama. Alijua wanamtazama, na alipenda.

Sasa mtu wa namna hiyo atamwambia nani kwamba amekimbizwa na bata mzinga?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi moja alikata njia nyuma ya nyumba ya jirani, mfuko wa vifaa begani, na dume la bata mzinga likatoka nyuma ya pipa la maji, limetutumua manyoya, likamjia moja kwa moja. Paka alitimua mbio. Kwenye kona akageuka ghafla aingie uchochoroni. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Ndani ya goti kitu kikalia “ta!” kama kijiti kikavu. Alianguka, akajiburuta hadi upande wa pili wa uzio, akaangaza macho huku na huku. Hakuna aliyemwona. Alimshukuru Mungu kwa hilo kabla hata hajaligusa goti lake.

Maumivu yalipopoa kidogo, alichechemea hadi kazini, akajikaza wasimwone. Ngazi ilishikwa na Taratibu, kama kawaida. Huyu alikuwa mtu mzima mpole ambaye hakuwahi kufanya jambo kwa pupa, hata kula. Walianza ufundi pamoja wangali vijana, na Paka hakupenda ngazi yake ishikwe na mtu mwingine. Basi akapanda. Hajafika hata nusu, goti likamwachia, akaporomoka mpaka kwenye lundo la mchanga.

Msimamizi alikuja mbio. “Nani alishika ngazi?”

“Mimi,” Taratibu akajibu.

“Umeshika au umeiegemea? Mtu kama Paka anaangukaje hivi hivi?”

“Nimeshika, bosi. Kwa mikono miwili.”

Macho yote yakamgeukia Paka pale mchangani. Ilitosha kusema neno moja. Lakini neno hilo lingefuatwa na maswali, na mwisho wa maswali angekuwepo yule bata. Paka akafumba macho, akagumia. Mgumio ulikuwa wa kweli. Baadaye alijitetea nao moyoni, kwamba hakusema uongo wowote. Siku hiyohiyo Taratibu aliambiwa akusanye vitu vyake na asirudi.

Hospitalini walimwambia kano ya ndani ya goti imekatika. Alirudishwa nyumbani na magongo, mguu umefungwa. Mkewe akamtandikia kochi, akawa anasimulia kila aliyekuja kumpa pole jinsi mumewe alivyoanguka kutoka juu ya paa. Ngazi ilizidi kurefuka kila mgeni alipoingia. Paka alikodolea macho dari.

Jioni moja aliyebisha hodi alikuwa Taratibu. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

“Pole, ndugu yangu.”

“Nimeshapoa.”

Taratibu akasema polepole, “Nimewaza sana. Mimi najua nilishika. Lakini huenda mkono ulilegea bila mwenyewe kujua. Umri nao. Kama ni hivyo, nisamehe.”

Paka alihisi uso unawaka mpaka masikioni. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, anasubiri kusikia jibu la mumewe.

“Usijali,” Paka akasema. “Yameshapita.”

Mkewe akamsifu usiku kucha kwa moyo wake mkubwa. Yeye akajifunika shuka hadi kichwani.

Uvimbe ulipopungua alipelekwa chumba cha mazoezi ya viungo. Kilikuwa ukumbi mrefu wenye magodoro ya bluu, kioo ukuta mzima, na vibao vya duara vinavyoyumba ukivikanyaga. Palikuwa na mchezaji wa netiboli aliyeteguka kifundo cha mguu, na mama mmoja fundi cherehani aliyepasuka goti akishuka ngazi za kanisa. Mtaalamu wao alikuwa dada mwembamba mwenye sauti kubwa. Wote walimwita Kamanda.

Kamanda alikuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua kama walioumia goti au kifundo wakianza mapema kujifunza kusimama kwa mguu mmoja, wanarudi kazini salama kuliko wanaosubiri mpaka maumivu yaishe. Kwa hiyo alimuuliza kila mgonjwa ameumiaje.

“Nilianguka kwenye ngazi,” Paka akasema.

Kamanda alilibonyeza goti, akaukunja mguu, akaukunjua. “Uliangukia nini?”

“Mchanga.”

“Hii kano mara nyingi hukatika mtu akigeuka ghafla, mguu umegoma kugeuka. Hukugeuka?”

“Sikumbuki.”

Hakumbana. Akampa taulo alikunje chini ya goti na kulikandamiza kwa nguvu za paja. Paja lililokuwa gumu kama gogo likatetemeka kama uji. Paka akainamisha kichwa asijione kwenye kioo.

Aliendelea kwenda. Fundi cherehani akamkuta, akampita. Mcheza netiboli akaanza kurukaruka. Yeye kila akipanda kibao cha kuyumba alianguka, na kila akianguka alimwona Taratibu na kofia yake mapajani. Mwishowe Kamanda akamvuta pembeni.

“Misuli yako imerudi. Kinachokuangusha ni hofu. Unaogopa nini, ngazi?”

Paka akatazama godoro. “Sikuumia kwenye ngazi.”

Akamweleza yote. Alipofika kwa bata mzinga, Kamanda aliuma midomo, kisha akashindwa, akacheka hadi akashika ukuta. “Samahani, kaka. Nimeshapokea aliyeumia akipiga magoti kwenye picha ya harusi. Goti halichagui.” Kisha akaacha kucheka. “Ila ningeandika ngazi, na wengine wangetibiwa kwa kuamini hiyo ngazi. Na huyo aliyeishika, yuko wapi?”

Paka akachukua viatu vyake.

Alikwenda kwa msimamizi kwanza, akasema ukweli mbele ya mafundi wote. Walicheka kama alivyojua watacheka. Mmoja alijifanya bata, akamzunguka amepanua mikono. Paka alisimama mpaka wakachoka. Alishangaa kwamba kile alichokiogopa kuliko vyote kiliisha upesi hivyo. Msimamizi pekee hakucheka. “Nilimfukuza mtu,” akasema, akaenda kukaa peke yake.

Taratibu alikuwa amepata kibarua cha kubeba mbao. Paka alimkuta uani kwake akinawa miguu, akamwambia akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kukaa.

Taratibu alinawa mguu wa pili mpaka akamaliza. “Nilikuja kwako nikakuomba msamaha.”

“Ulikuja.”

“Ukaupokea.”

Paka hakuweza kuinua uso. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

“Mke wangu alikuwa ananiamini,” Taratibu akaendelea. “Mimi mwenyewe ndiye niliyeacha kujiamini. Nashika kikombe nauangalia mkono wangu. Nenda nyumbani.”

Msimamizi alimwita Taratibu arudi, naye akarudi, lakini katika kundi lingine. Paka alimaliza mazoezi yake. Kamanda alimpima kuruka kwa mguu mmoja, akaridhika, akamruhusu kupanda tena. Watu barabarani walisimama kumtazama kama zamani. Yeye sasa alitamani wapite.

Mchana mmoja, mafundi wakipumzika, Taratibu alikosa pa kukaa isipokuwa kwenye rundo la mbao alipokuwa Paka. Akakaa upande wa mwisho kabisa.

“Goti?” akauliza, akitazama mbele.

“Linapanda.”

“Na kushuka?”

“Kushuka ndiyo kazi.”

Taratibu akaitikia kwa kichwa, akafungua chakula chake, akaanza kula polepole. Hakuhama.