Mama Alimpa Mdogo Wangu Firigisi

Admini, jina langu lisionekane, watu wa Kasongo tunajuana. Mimi ni bibi wa karibu miaka themanini, mjukuu ndiye anayeniandikia. Kusema najua sana, lakini hili limenikaa kooni.

Wakati wa Wabelgiji mama yangu, mjane, aliishi na mzungu aliyesimamia ujenzi wa barabara, wakamzaa mdogo wangu wa kike. Mzungu alipokaribia kurudi kwao Ulaya, alitupakia sote kwenye kamioneti twende kutembea. Tulilala kwenye hema upande wa Lusangi, mchana tunapanda milima kwa miguu, mdogo wangu mabegani mwa baba yake. Nilifurahi, sitawadanganya.

Asubuhi ya mwisho mama alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mgeni. Mtoto haigusi, mimi niliwahi kuchapwa kwa kuionja tu. Siku hiyo mama akaiweka mkononi mwa mdogo wangu: "Kula yote, mama. Usimugawie mutu." Nilinuna mpaka hema likakunjwa.

Mzungu akasema, "Gari imejaa. Natangulia na mutoto, nitawarudia." Tukakaa kando ya barabara. Kila nikiuliza, mama anajibu, "Iko inakuja." Jua lilipoinama akajitwika mkeka, tukashika njia ya Kabambare, kwao. Njiani hakumuuliza mtu hata mmoja kama ameona gari. Baadaye tulisikia mtoto yuko kwa masista, mbali, kisha Ulaya. Watoto ambao wazungu walizaa na wanawake wetu walichukuliwa hivyo, na mama angekataa kwa nani? Alikufa bila kulitaja tena jina la mwanawe.

Sasa wajukuu wametukutanisha kwa simu. Mdogo wangu anaumwa, na si ugonjwa wa kupona. Kiswahili kilimtoka zamani, mjukuu ananitafsiria. Juzi alisema, "Yaya, dada yangu mkubwa, masista waliniambia mama alinitoa. Mimi najua alidanganywa. Asubuhi ile alinipa firigisi, na anayekutupa hakupi firigisi. Wewe ulikuwepo. Mama alijua?"

Nikajifanya simu imekatika. Kesho atapiga tena.

Alikulia kwa masista, desturi yetu haijui. Mama alijua, jamani. Alimuaga mtoto wake kama mgeni.

Msiniandikie "pole bibi" tu, pole haijibu swali. Nishaurini kabla simu haijalia: nimwambie, au nimwache aondoke na firigisi yake?