Mgeni wa Uvunguni

Mwalimu jirani yetu alipopata uhamisho wa kurudi bara, vitu vyake vyote viliingia kwenye pikapu isipokuwa kimoja. Alikuja kubisha hodi akiwa amekumbatia sungura wa rangi ya chai ya maziwa, masikio yamelala, macho yanaikagua nyumba yetu kana kwamba ndiye atakayelipa kodi. Akamwamkia mama yangu shikamoo, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu amezoea kukaa ndani ya nyumba. Nikimpeleka huko kwetu watamweka kwa kibanda, na ile baridi."

Mama hajafungua mdomo, mimi nimeshanyoosha mikono. Mtu mzima mimi, mvi zimeanza kuchungulia, lakini moyo ulinidunda kama wa mtoto asubuhi ya Idi. Sikuwahi kushika kitu laini namna ile. Na sikukishika sana, maana alinipiga teke la tumbo, akaruka, akaingia uvunguni mwa kitanda cha mama. Akapafanya kwake.

Nyumba ile tunakaa wawili, mama na mimi, katika mji wa kale wa Malindi. Paka tunawajua, kuku tunawajua, mbuzi ndio usiseme. Lakini sungura wa kutembea juu ya busati ukumbini, huyo alikuwa mpya. Mama akatoa hukumu yake pale pale mlangoni, mwalimu akisikia.

"Nampa muda mpaka harusi ya binti ya shangazi yako. Akituzoea, akae. Asipotuzoea, yuko bwana Kibarani afuga sungura, aje amtwae."

Wote watatu tulijua yule bwana wa Kibarani anawafuga kwa sababu gani. Ni bwana mwema, ana heshima zake, na sungura wake huishia kwenye sahani za hoteli. Harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Basi nikaanza mbio.

Loo, mbio zenyewe zilikuwa tamu! Nilimtafutia nyasi kavu, nikamwekea boksi la maranda awe anajisaidia humo, na kwa joto letu hili nikawa nagandisha chupa za maji kwenye friji ili alale akiziegemea. Sokoni wauza mboga walinijua: huyu ndiye wa kuomba majani ya karoti yanayotupwa. Kila asubuhi nikiamka, kitu cha kwanza ni kupiga magoti na kuchungulia uvunguni, kuona pua ile inavyocheza. Chaja ya simu yangu aliikata vipande. Utepe wangu wa kupimia nguo, maana mimi hushona madera pale nyumbani, aliula mwisho wake wote, na nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mchana alikuwa na nafuu. Nikikaa kwenye cherehani, alitoka kidogo kidogo, akanusa kanyagio, akanusa kisigino changu. Mimi huku pumzi nimeibana, mguu umekufa ganzi. Lakini jioni ikifika, kwisha habari. Alitimua mbio, akajificha pembeni kabisa ukutani, akawa anagonga sakafu kwa mguu wa nyuma, du, du, du, hata jirani wa juu akauliza tunatwanga nini.

Mama akapata jibu lake. "Kila magharibi yuwafanya hivi. Kiumbe huyu aona kitu sisi hatukioni. Hebu niongeze ubani."

Kwetu magharibi ikikaribia, chetezo huwashwa. Mama hutia makaa, hutia udi, moshi ukazungushwa nyumba nzima, kuanzia mapazia mpaka nguo zilizoning'inia, na sisi wenyewe tukajifukiza nywele. Sasa ukaongezwa na ubani juu yake. Mama akakipeleka chetezo mpaka miguuni mwa kitanda, akisoma, na mimi kwa mikono yangu nikainua shuka ili moshi uingie vizuri. Tulikuwa tunamtibu. Alipiga chafya mfululizo, na siku ya pili yake hakugusa chakula mpaka adhuhuri. Niliogopa sana. Nikampigia simu mwalimu.

"Wewe kaa chini tu sakafuni," akaniambia. "Usimshike. Usimwite. Wacha yeye akuje."

Nikakaa chini. Nikawa nashonea vifungo sakafuni, nakula sakafuni, wateja wakiingia wananiuliza kama nimeteguka. Mchana alikuja karibu zaidi kuliko jana. Jioni, uvunguni.

Kisha mama akaitwa Gongoni, mpwa wake amejifungua. Alifunga mkoba wake, akachukua na chetezo na kopo la udi, maana mzazi lazima afukizwe. Magharibi ya kwanza bila mama, nimekaa sakafuni na taa imewashwa, naona masikio yanatokeza chini ya shuka. Kisha kichwa. Kisha mwili wote. Akasimama katikati ya busati, akatazama kushoto na kulia, na ghafla akaruka juu, akajipinda hewani, akatua akielekea alikotoka. Akaruka tena! Akazunguka ukumbi mbio, akapita chini ya cherehani, akarudi, akaruka. Nilijiziba mdomo nisipige kelele. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Mnyama yule hakuwa mgonjwa wala hakuona jini. Pua yake inanusa jani la karoti kutoka chumba cha pili, na sisi kila jioni tulikuwa tunamjazia udi na ubani mpaka anashindwa kupumua.

Mama aliporudi nilimweleza hata hajavua buibui.

"Nyumba isiyofukizwa, mwanangu, hiyo ni nyumba ama ni bohari?"

"Tufukize uani, mama. Nguo tuzitoe huko huko."

"Mimi ni wa kufukuzwa na sungura mpaka uani!"

Lakini aliutoa moshi uani, akinung'unika kila siku. Na sungura akawa anatoka jioni, anatembea, ananyoosha mwili. Ila kumgusa, hapana. Nikinyoosha mkono anaruka nyuma. Mama alikuwa akiyaona yote hayo. "Kutembea atembea," akasema. "Kuzoea ni kushikika." Siku ya harusi asubuhi, alimpigia simu yule bwana wa Kibarani, akamwambia aje baada ya alasiri. Nilikwenda uani nikasimama nyuma ya nguo zilizoanikwa mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Alasiri nikavaa. Gauni nililolishona mwenyewe, mtandio, na kwenye kifua kikuba ambacho shangazi alituletea, kishada cha asumini na rihani mbichi. Mama alikuwa tayari, anatafuta viatu. Mimi nikakaa sakafuni kwa mara ya mwisho, na gauni la harusi, liwalo na liwe. Nilitaka kumuaga tu.

Alitoka uvunguni akinusa. Akaja moja kwa moja, bila kusitasita. Akaweka miguu ya mbele kwenye paja langu. Nilihisi kucha zake kupitia kitambaa, na uzito wake, mdogo hivyo. Akanyoosha shingo, akaanza kuchuma rihani kifuani mwangu, jani kwa jani, asumini akiziacha. Kidevu chake kilikuwa kinanipapasa shingoni. Niliinua mkono polepole, nikamgusa katikati ya masikio. Hakuruka. Nikamsugua, na yeye akainamisha kichwa ili nisugue zaidi. Kikuba kilipobaki uzi na maua, alishuka, akajitupa ubavu juu ya pindo la gauni langu, miguu akainyoosha, macho akayafumba.

Mama alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi. Nje tukasikia pikipiki ikizimwa, kisha hodi.

Mama akafungua mlango nusu, akajaza mwili wake pale kwenye uwazi. Niliona tenga la yule bwana nyuma ya bega lake.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumchukua."

"Marahaba, baba," mama akamjibu kwa kunong'ona. "Tusamehe kwa kukusumbua. Rudi tu. Mtoto amelala."

Yule bwana akashusha sauti, akaomba radhi. Akaisukuma pikipiki yake kwa mikono mpaka njia kubwa, ndipo akaiwasha.