Wivu wa Zakiya kwa Wifi Yake

Wivu wa Zakiya kwa wifi yake ulianza Alhamisi moja ya mwaka 1994, na ulianza kwa sababu ya friji.

Nyumba yao ilikuwa Ghubra, mtaa wa Maskati. Walikaa watu wanne: Zakiya, mumewe Talal, binti yao wa pekee Ghadeer, na Masouda, dada yake Talal, aliyeachwa zamani bila ya mtoto na ambaye alikuwa akisomesha Kurani watoto wa jirani katika chumba cha mbele. Zakiya alikuwa karani wa wizara kule Al Khuwair. Akitoka saa moja asubuhi, mpaka saa nane na nusu mchana ndiyo anarudi, miguu imemvimba na maneno yamemwishia.

Alhamisi hiyo, siku ya mapumziko ya wizara, alikuwa nyumbani. Alipita karibu na jiko akiwa na nguo za kufua, akamsikia Ghadeer, wakati huo ana miaka sita, anauliza, "Shangazi, Mungu yuko kila mahala?"

"Yuko," Masouda akajibu.

"Hata ndani ya friji?"

Masouda hakucheka wala hakumkemea. Alifungua mlango wa friji, wakachungulia wote wawili baina ya maziwa na bilauri za maji.

"Unamwona?"

"Simwoni."

"Na mimi simwoni. Na baridi, unaiona?"

Ghadeer akatia mkono. "Siioni. Naisikia."

"Haya, basi tuanzie hapo."

Zakiya alisimama na nguo zake mkononi. Alijua vizuri yeye angejibu nini. Angesema, "Astaghfirullah, usiseme hivyo tena," na mtoto angenyamaza. Kilichomchoma zaidi ni kuwa Ghadeer alilijua hilo vilevile, ndiyo maana hakumwuliza yeye.

Zakiya alikuwa amekuja Maskati kutoka Unguja akiwa na miaka kumi na moja, na kusali alifundishwa na mama yake mwenyewe, ubavu kwa ubavu, msala mmoja. Tokea alipobeba mimba alikuwa akingojea zamu yake. Sasa zamu ilikuwa inachukuliwa na mtu mwingine, tena mchana mweupe, yeye yuko kazini anapiga taipu barua za watu.

Ghadeer alipotimiza miaka saba, Zakiya alimnunulia kanzu nyeupe ya kusalia na msala mdogo wa rangi ya waridi. Akabandika karatasi kubwa ukutani, kila sala nyota moja ya dhahabu. Mtoto alizipenda nyota, karatasi ikajaa. Zakiya aliwaonyesha wageni. Lakini maswali yaliendelea kwenda chumba cha mbele: samaki wanasali vipi, Mungu anachoka kusikiliza, kwa nini paka hana dhambi. Mwisho Zakiya akamtoa Ghadeer katika darasa la shangazi yake, akampeleka kwa mwalimu mmoja kule Bawshar, na kila Alhamisi akimwendesha mwenyewe kwa gari.

Masouda alisema neno moja tu. "Wewe ndiye mama yake."

Zakiya alitamani angegombana naye. Upole ule ulimkera kuliko matusi.

Mwaka 2001 Ghadeer alikuwa na miaka kumi na mitatu. Rafiki yake wa darasani, Wadha, alipata ajali ya gari na familia yake. Alilala hospitali siku kumi na moja, akafa. Ghadeer alilia siku mbili, kisha akanyamaza, akawa mtoto mwema kupita kiasi. Kila adhana akiingia chooni kutawadha, mama yake akisikia maji yanamwagika.

Siku moja Zakiya alirudi mapema kutoka kazini, kichwa kinamgonga. Mlango wa choo haukufungwa vizuri. Akausukuma. Bomba lilikuwa linatiririka, na Ghadeer amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, mkavu, anasoma jarida.

"Unafanya nini?"

Ghadeer aliangalia chini. "Nilimwomba Mungu siku kumi na moja, Mama. Kila sala. Hakunisikiliza. Sasa sina la kumwambia."

"Tangu lini?"

"Tangu Wadha afe."

Ilikuwa miezi minne. "Na nani anajua?"

Mtoto akageuza macho upande wa chumba cha mbele.

Alimkuta Masouda anapanga misahafu. "Miezi minne! Mwanangu hasali, wewe unajua, na kila siku unakula na mimi sahani moja?"

"Kaniamini kwa siri yake, Zakiya. Nnamwambia kila siku akueleze."

"Kwa nini kaja kwako?"

Masouda aliweka msahafu rafuni, akakaa. "Kwa sababu nilimwambia kuwa na mimi nilipoachwa nilikaa karibu mwaka mzima sikuweza kuinua mikono kuomba dua. Nilikuwa na hasira. Mtoto anataka kujua kama kuna mtu mwingine aliyefika hapo akarudi. Wewe kwako anaona lazima awe mwema."

Zakiya alitoka nje. Alikwenda kukaa ndani ya gari lililoegeshwa uani, joto likimchoma, akalia mpaka mtandio ukarowa. Aliporudi alimkuta Ghadeer kitandani, akakaa kando yake. Alikuwa ametayarisha mawaidha, lakini mdomoni yakatoka mengine.

"Nna wivu na shangazi yako," alisema. "Tokea wewe mdogo. Nikisali naye sala ya jamaa, nusu ya sala nafikiria jinsi unavyompenda yeye. Hiyo ndiyo sala yangu mimi, mwanangu."

Ghadeer alimkodolea macho. "Mama! Hata wewe?"

"Hata mimi. Na lile bomba lifunge, maji bure yanapotea. Hutaki kusali leo, niambie hutaki. Nitaumia, lakini niambie."

Ghadeer hakurudi kusali siku ile wala mwezi ule. Ilipita Ramadhani nzima. Kisha alasiri moja Zakiya alipita chumba cha mbele akaona migongo miwili imeinama sambamba, wa Masouda na wa Ghadeer. Alishukuru, na hapo hapo wivu ukamuuma kama siku ya mwanzo. Akasimama mlangoni mpaka walipotoa salamu, asijue aingie au aondoke, kisha akaenda kuchemsha chai ya watu watatu.

Miaka iliyofuata mambo yakajigawa yenyewe. Maswali yalibaki ya shangazi. Makosa yakaja kwa mama: uwongo aliomwambia mwalimu, kijicho alichomwonea binamu yake Aliya kwa kufaulu zaidi, siku aliyosali kwa kuonyesha watu. Ghadeer alikuja nayo jikoni, akasema bila kuzunguka, kwa kuwa hapo palikuwa na mtu aliyekwisha kusema yake.

Mwaka 2006, Ghadeer akiwa chuo kikuu, bado akirudi Alhamisi huingia kwanza chumba cha mbele. Zakiya huwasikia wanacheka humo. Huichukia dakika ile, kila wiki, naye hukata vitunguu kwa kishindo, akingojea zamu yake.