Ukuta wa Silinda ya Tatu

Injini ya pikapu ya baba ni ya zamani kuliko mimi, nami si mtoto. Ilipoanza kula oili na kufuka moshi wa buluu, tuliifungua, tukapeleka bloku, mwili wa injini, mjini Kayanga kwa fundi wa kuchonga silinda. Baba alikwenda na jibu lake tayari: ichongwe hadi ova saizi sitini, kipimo kikubwa cha kupanua matundu ya pistoni. Kwake pistoni kubwa ni nguvu kubwa, na kubishana naye ni kumpigia mbuzi gitaa.

Fundi alipima, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, hii ilishachongwa ishirini. Mikwaruzo hii inaisha kwa arobaini. Sitini ya nini? Nyuma ya ukuta huu yanapita maji. Kama kutu imeula kwa nyuma, hata hiyo arobaini natoboa, na bloku ya aina hii hatuipati tena. Redieta mlikuwa mnaweka nini?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji tu."

Nilimkasirikia fundi kwa kumhoji baba kama mwizi. Tangu magoti yamkatae shambani, pikapu ndiyo kazi yake pekee. Bila hiyo angekaa uani kwetu Ihembe akihesabu kuku.

Fundi akafunga bloku kwenye mashine. Kabla hajawasha, baba akamshika mkono. "Subiri, mwanangu."

Baba ni mzee wa kanisa, na aliacha pombe mbele ya usharika mzima. Lakini wenye harusi humwita awabebee rubisi, pombe yetu ya ndizi, hadi Mabira mlimani. Kwetu aliyebeba rubisi haondoki bila dumu lake la rubisi, na kulikataa ni kuwatukana wenyeji. Kurudi nalo kwa mama hakuweza.

"Nusu nilikunywa," akasema akitazama sakafu. "Nusu nikaipa redieta. Ilikuwa inavuja, na kule mlimani maji hakuna."

"Mara moja?"

"Misimu miwili."

Nilitoka nje nicheke, nikajikuta nalia. Niliporudi, fundi alikuwa ameng'oa vizibo vya ubavuni mwa bloku, anachokoa kwa waya. Vilidondoka vipande vya kutu vyenye ukubwa wa ukucha. Ukuta wa silinda ya tatu ulikuwa umeliwa na uchachu wa pombe upande mmoja. Akaamua ya tatu ivishwe slivu, yaani ukuta mpya wa chuma wa ndani, kisha zote ziishie arobaini.

"Ungenyamaza, mzee, leo tungezika injini," akasema.

Baba hakuitaja tena sitini.

Siku pikapu ilipowaka, alimweleza mama yote mezani, hata ile nusu aliyokunywa. Nilishika kijiko nikingoja radi.

"Kila ukipanda kilima chetu, redieta ilinuka harusi," mama akasema. "Nilikuwa nangoja tu uchoke kunidanganya."

Baba akashusha pumzi ndefu, akaomba aongezewe ndizi.