Makofi Matatu

Chumba cha kusomea cha watoto wangu kilichukuliwa na mwalimu mkuu, nasema wazi, akakijaza magunia ya chakula cha kuku wake. Mimi, niliyeishia darasa la sita na mguu mmoja uliokondeshwa na polio, nilikuwa kibarua wa kuwafunza watoto wenye ulemavu siku mbili kwa wiki, hapo shuleni Kabiria. Tukawa tunasomea nje kando ya tangi la maji, mvua ikitunyeshea. Viti tu ndivyo vilivyolala ndani. Nilikuwa nimewazoesha: nikipiga makofi matatu, kila mtoto anarudisha kiti chake chumbani.

Siku ya wafadhili, wazazi nao wakiwepo, mkuu akatuketisha mbele tupigwe picha. Akasifu "darasa letu la kisasa" mpaka wageni wakapiga miayo. Naibu wake, bingwa wa kujipendekeza, akaruka juu: "Wazazi, tumpigie mwalimu mkuu makofi matatu!"

Pa, pa, pa. Watoto wangu wakabeba viti, hao wakaenda.

"Wazuie!" mkuu akaninong'oneza.

"Na mguu huu, mwalimu?"

Wageni wakawafuata wakitabasamu hadi mlangoni. Mmoja akatazama magunia, akauliza kuku wanasoma darasa la ngapi.

Jumatatu tulisomea ndani. Kulinuka chakula cha kuku, lakini hakuna aliyenyeshewa.