Yai la Tano

Jumapili iliyopita rafiki yangu alitukaangia mayai na nyama ya nguruwe, na harufu ile ikanichafua roho. Ilinirudisha utotoni, alasiri moja nyumbani kwetu Kikula, mama akiwapikia wenzake baba wa kiwandani. Mayai manne yalikuwa tayari kikaangoni pamoja na nyama. Nilipopasua la tano, kikadondoka humo kifaranga cheusi chenye manyoya, kikinuka uvundo.

Mama alikitoa kwa kijiko. “Bageni banaisha kufika,” alininong’oneza. “Usiseme kintu.”

Wageni walikula, wakasifu. Mmoja akanisogezea sahani: “Kula, mutoto wangu.” Mama alinitazama, nikameza.

Leo najua hatukuwa na mayai mengine. Wakati ule, kila nilipolala, niliweka mkono tumboni nikingoja kifaranga kilie.